Makato Yana Mwenyewe, Likizo ya Kibarua Haina

Mwajiri nchini Kenya akichelewa kuwasilisha tozo ya nyumba, sheria ya 2024 inamtoza faini ya asilimia 3 ya deni kwa kila mwezi anaochelewa, na anayemdai ni mamlaka ya ushuru, ambayo haijawahi kusifiwa kwa usahaulifu. Mwajiri huyohuyo akimnyima mpakuzi wake wa magunia siku 21 za likizo yenye malipo, zilizoandikwa katika Sheria ya Ajira tangu 2007, hakuna simu inayolia ofisini kwake wala barua inayobisha mlangoni. Kijana atabeba mizigo mwaka mzima, ataugua, ataitwa mvivu, ataambiwa asirudi kesho, na hakuna daftari la serikali litakaloonyesha kwamba kuna mtu aliyedhulumiwa.

Ninachotaka kusema leo ni hicho tu, ingawa nitachukua nafasi kukieleza. Pesa zinazotoka mfukoni mwa mfanyakazi kwenda serikalini zina mlinzi mkali. Haki zinazopaswa kutoka kwa mwajiri kwenda kwa mfanyakazi hazina mlinzi, na mtafuta kazi anayejua hivyo mapema ana nafuu kuliko anayejua siku ya kufukuzwa.

Nawalenga hasa watu wa Bofu. Bofu ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na Ras Bofu ndiko lilikotua daraja la kuelea la Liwatoni lilipofunguliwa Januari 2021 ili kupunguza msongamano wa feri wakati wa korona. Alfajiri watu wa huku hugawanyika. Wapo wanaoteremka feri, wavuke, kisha wadandie matatu za Changamwe na Miritini au watembee hadi Shimanzi, kwenye magodauni na viwanda. Wapo wanaopanda za Ukunda kwenda mahoteli ya Diani, ambako kazi huja na watalii na kuondoka nao. Na wapo, hasa vijana waliomaliza Kidato cha Nne juzi, wanaotazama upande wa Dongo Kundu, kwenye eneo maalum la kiuchumi linalojengwa kwa msaada wa Japani, wakitumaini kwamba safari hii kazi itawafuata kwao badala ya wao kuivukia maji.

Getini mambo huwa mafupi. Supavaiza anatoka na daftari, anahesabu kwa kidole: "Wewe, wewe, na wewe mwenye shati jekundu." Anataka vitu viwili, kopi ya kitambulisho na namba ya M-Pesa. Waliochaguliwa wanapewa riflekta zilizokwisha pauka, waliobaki wanaambiwa, "Vijana, jaribuni kesho." Malipo yanatajwa kwa siku, kwa mdomo, na huo ndio mkataba wote. Hakuna anayeuliza habari ya likizo. Anayeuliza likizo getini huangaliwa kama aliyekuja na wakili wake.

Sasa tuiulize sheria inamwitaje kijana huyu. Sheria ya Ajira inasema kibarua ni mtu ambaye masharti yake ya kazi ni kulipwa kila mwisho wa siku, na ambaye hachukuliwi kazini kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Soma tena masharti hayo mawili. Kijana anayelipwa kila Jumamosi kwa M-Pesa, na anayetarajiwa arudi Jumatatu bila kuitwa upya, hatoshei maelezo hayo hata siku ya kwanza. Tajiri anamwita kibarua, yeye mwenyewe anajiita kibarua, mamaye akiulizwa na majirani anasema mwanangu amepata kibarua. Sheria peke yake ndiyo isiyomwita hivyo.

Kifungu cha 37 kinaenda mbali zaidi. Hata yule kibarua halisi, wa kulipwa jioni, akifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja kwa jumla, au akipewa kazi ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kumalizika kabla ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mkataba wa kawaida, anayestahili kulipwa kwa mwezi na kupewa notisi kabla ya kuachishwa. Akiendelea kwa miezi miwili tangu aanze, anaingia katika masharti ambayo angepewa tangu mwanzo asingeitwa kibarua. Wala hahitaji kuomba kupandishwa cheo. Sheria yenyewe imekwisha mpandisha, hata kama daftari la supavaiza halijui.

Wanaokijua kifungu hiki vizuri kuliko wote ni waajiri. Ndiyo maana kuna desturi ya kumpumzisha mtu wiki ya nne, au kumwambia akae nyumbani siku kumi kisha arudi "kama mpya". Na ndiyo maana kuna makontrakta wanaokodisha watu: mwezi huu unalipwa na jina hili, mwezi ujao na jina lile, ilhali geti ni lilelile, godauni ni lilelile, na anayekufokea ni yuleyule. Wafanyakazi wengi huamini kwamba mapumziko hayo ya bandia yanafuta kila kitu. Hayafuti. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi huuliza kilichokuwa kikitendeka, na mtu aliyeonekana kwenye geti moja kwa miaka miwili na mianya ya siku kumi kumi ana la kusema mbele ya jaji.

Shida ni kufika mbele ya huyo jaji na kitu mkononi. Nitarudi hapo.

Kwanza tuhesabu, maana watu wengi hawajawahi kuwekewa hesabu hii mezani. Agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024 linasema mfanyakazi wa jumla katika jiji la Mombasa, sawa na Nairobi, Kisumu na Nakuru, asilipwe chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Kundi hilo la mfanyakazi wa jumla linajumuisha mfagiaji, mtunza bustani, tarishi, bawabu wa mchana, na pia yaya na mfanyakazi wa nyumbani. Naam, dada anayelea watoto wa mtu kule Nyali yumo katika mstari uleule na kuli wa Shimanzi. Wasomaji wangu wenye wafanyakazi wa nyumbani wasiharakishe kugeuza ukurasa.

Juu ya mshahara huo sheria inadai nyumba. Mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa, au amwongezee pesa za kodi, na maagizo ya mishahara yanaweka kiwango hicho kuwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mtu wetu hiyo ni kama shilingi 2,417, hivyo jumla inakuwa shilingi 18,530 na ushei. Mwajiri anaweza kukwepa mstari huu pale tu mkataba unaposema wazi kwamba mshahara umeshajumuisha kodi ya nyumba. Kama hakuna mkataba ulioandikwa, hakuna palipoandikwa hivyo, na pesa hizo ni deni.

Kutoka kwa hizo 18,530 kuna makato. Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, inachukua asilimia 6, ambayo ni kama shilingi 1,112, na mwajiri lazima atoe asilimia 6 nyingine kutoka mfukoni mwake. Bima ya afya ya SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, inachukua asilimia 2.75, kama shilingi 510, na hapa mwajiri haongezi hata senti. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5, kama shilingi 278, na mwajiri naye anatoa 278. Kodi ya mapato haimfiki, maana kipato chake kiko chini ya 24,000. Mkononi anabaki na kama shilingi 16,630.

Basi ukitaka kujua kama umeajiriwa au umetumiwa, chukua hesabu hiyo uifananishe na ujumbe wako wa M-Pesa. Ukikuta umelipwa pungufu bila makato yoyote, ujue kwamba tajiri hajakuepusha na serikali kama anavyodai. Amejiepusha yeye na ile asilimia 6 yake. Ukikuta umekatwa lakini NSSF haina jina lako, hilo ni baya zaidi. Kuna watu wanaogundua kwenye kaunta ya hospitali, mtoto akiwa mgongoni, kwamba pesa zilizokuwa zikitolewa kwenye mshahara wao kwa jina la bima hazikuwahi kufika. Kujisajili na kuangalia hali yako katika SHA, mamlaka inayosimamia bima hiyo, kunawezekana kwa simu ya kawaida kupitia *147#. Fanya hivyo mwezi wa kwanza wa kazi. Ukingoja mwezi wa kuugua umechelewa.

Mzee mmoja aliyestaafu, jirani wa zamani, alikuwa na usemi wake: pesa ya NSSF huoni utamu wake mpaka siku mwili unapokataa gunia. Vijana humcheka, kwa sababu kwa miaka mingi mchango huo ulikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri, pesa ambayo kwa kweli ilikuwa ya kuchekwa. Sheria mpya ya 2013 ilikaa miaka ikivutwa mahakamani kabla ya kuanza kutekelezwa 2023. Sasa mchango umepanda na manung'uniko nayo yamepanda. Mimi si mpenzi wa makato; tozo ya nyumba hasa, ambayo mtu wa Bofu analipa kila mwezi bila kuahidiwa mlango wa nyumba yoyote, naiona bado inadaiwa maelezo. Lakini NSSF ni kitu kingine. Ni makato pekee kati ya hayo matatu yenye jina lako juu yake na shilingi ya tajiri kando ya yako.

Na kuna jambo ambalo watafuta kazi wengi hawalijui: kama mwajiri hakukuandikisha NSSF wala mpango mwingine wa pensheni, sheria inampa mzigo wa kukulipa malipo ya utumishi siku mnapoachana, kwa kila mwaka uliomfanyia kazi. Mahakama zimezoea kuhesabu siku 15 za mshahara kwa mwaka. Aliyedhani ameokoa pesa kwa kutokuandikisha amezirundika tu.

Likizo ni siku 21 za kazi kila mwaka, zenye malipo kamili. Ukiachishwa baada ya miezi miwili au zaidi, unalipwa siku 1.75 kwa kila mwezi uliofanya. Siku moja ya mapumziko katika kila siku saba ni lazima. Ukiugua baada ya kukaa kazini miezi miwili mfululizo, una siku 7 za mshahara kamili na nyingine 7 za nusu mshahara katika mwaka, mradi uwe na cheti cha daktari. Hayo nayapita haraka kwa sababu yanaeleweka. Yasiyoeleweka, au tuseme yanayoeleweka na kufichwa, ni mawili: uzazi na ajali.

Mama mwajiriwa ana miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na sheria haisemi awe amekaa kazini muda gani kwanza. Baba ana wiki mbili. Ni haki nzuri, na ndiyo inayowaumiza wanawake kimyakimya, kwa sababu Kenya imemtwika mwajiri peke yake mzigo wote wa kulipa miezi hiyo mitatu. Matokeo yake ni yale maswali ya usaili: Umeolewa? Una mtoto mdogo? Unapanga mwingine? Sheria inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, lakini hakuna mtu aliyewahi kuandikiwa barua kwamba hakuchukuliwa kwa kuwa ana tumbo. Watanzania walilitazama hili vingine kidogo. Kwao likizo ya uzazi ni siku 84, pungufu ya yetu, ila NSSF yao, inayochangiwa asilimia 20 kwa pamoja, ina fao la uzazi kwa mwanachama. Mzigo ukibebwa na mfuko wa wengi, tajiri mmoja hana sababu kubwa ya kumwogopa mama mjamzito. Bunge letu lingefanya la maana kulitafakari hilo badala ya kuongeza siku kwenye karatasi.

Ajali ndiyo mahali ambapo ujinga hugharimu kiungo. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, ile watu huita WIBA, haimtaki mfanyakazi athibitishe kwamba tajiri alikuwa na kosa. Inatosha kwamba umeumia ukiwa kazini na kwa ajili ya kazi. Aliyelemaa kabisa asiweze kazi tena anastahili mapato ya miezi 96. Mwajiri analazimika kuwa na bima na kuiarifu Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini. Mahakama ya Juu ilithibitisha Desemba 2019 kwamba madai haya yanaanzia kwa mkurugenzi huyo, si kortini.

Yanayotokea magodauni ni mengine. Rundo la magunia linateleza, kijana anavunjika mguu, anapakiwa kwenye pikapu ya kampuni na kupelekwa kliniki ya karibu. Supavaiza analipa bili, anamtumia elfu tano "ya pole", anamwambia, "Pumzika mwanangu, ukipona nitafute." Kijana anaona amefanyiwa wema. Hakuna fomu iliyojazwa, hakuna ripoti iliyoandikwa, na muda wa kudai ambao sheria imeuwekea miezi 12 unaanza kuyoyoma akiwa amelala kitandani akimshukuru aliyemponza. Ukiumia kazini, au akiumia ndugu yako, jambo la kwanza baada ya hospitali ni maandishi: ujumbe kwa supavaiza wenye tarehe, saa na mahali, na ripoti kwa ofisi ya usalama kazini hata kama tajiri amesema asihusishwe mtu.

Mambo haya hayakuletwa Mombasa na mawakili wa Nairobi. Julai 1939 makuli na wafanyakazi wa mji huu waligoma, na moja ya vilio vyao vikubwa ilikuwa kodi ya nyumba. Baada ya hapo marupurupu ya nyumba yakaanza kuingia katika mishahara ya hapa. Januari 1947 ukaja mgomo mkuu, maelfu ya watu wakaweka chini mizigo bandarini, relini, mahotelini na majumbani, mji ukasimama kwa karibu wiki mbili. Chege Kibachia, aliyekuja kuwa kiongozi wa chama chao, African Workers' Federation, alikamatwa mwaka huohuo na kuwekwa kizuizini kwa miaka mingi. Ile asilimia 15 ambayo kijana wa Bofu anaogopa kuitaja getini ina mizizi katika jasho la watu waliolala jela kwa ajili yake. Na hata wakati ule, ugomvi ulikuwa huu wa leo: nani ahesabiwe mfanyakazi wa mwezi na nani aachwe kuwa wa siku.

Nimekuwa nikisoma jinsi Mexico inavyoshughulikia jambo hili, na nchi hiyo ina la kutufunza, zuri na baya. Katiba yao ya 1917 ilitangulia dunia kwa kuweka haki za mfanyakazi ndani yake, Ibara ya 123. Leo mtafuta kazi wa huko anajua kabla hajaingia kwenye usaili kwamba sheria inampa bonasi ya mwisho wa mwaka isiyopungua mshahara wa siku 15, ilipwe kabla ya tarehe 20 Desemba, na kwamba wafanyakazi wana fungu la asilimia 10 katika faida ya kampuni. Sisi hatuna sheria ya aina hiyo. Bonasi ya Krismasi kwetu ni hisani ya tajiri, na mara nyingi ni unga, mafuta na sukari kwenye mfuko. Kuhusu likizo, kwa upande mwingine, sisi tunawapita mbali. Mpaka mwisho wa 2022 Mmexico alipata siku 6 tu baada ya mwaka wa kwanza. Tangu Januari 2023 ni 12.

Lililonivutia zaidi ni la Aprili 2021. Waliona waajiri wamejificha nyuma ya kampuni za kukodisha watu, wakapiga marufuku kabisa ukodishaji wa wafanyakazi, isipokuwa kwa huduma maalum zisizo shughuli kuu ya kampuni. Godauni linaloishi kwa kupakia na kupakua haliwezi kusema wapakuzi si wake. Watu wengi wakarudishwa kwenye orodha za waajiri wao wa kweli. Hicho ndicho kitu kimoja ningependa Wizara ya Leba ikichukue jinsi kilivyo. Hata hivyo, Mexico nayo zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wako nje ya mfumo rasmi, bila bonasi, bila bima, bila chochote. Sheria nzuri na mtu wa kuisimamia ni vitu viwili, huko kama hapa.

Najua waajiri watanijibu nini. Watasema gharama zimepanda tangu 2023, tozo juu ya tozo, umeme, mafuta, na kwamba wakifuata kila kifungu watafunga. Mama mwenye mkahawa pale Likoni karibu na stendi, anayeuza mahamri na mbaazi na kuajiri wasichana wawili, namsikiliza. Kwake miezi mitatu ya likizo ya uzazi ni faida ya mwaka, na sheria yetu inamtendea sawa na kampuni ya meli. Hilo ni kosa la sheria na linafaa kurekebishwa. Lakini kampuni yenye malori arubaini na mkataba wa bandarini isijifiche nyuma ya sufuria ya mama huyo. Wala mwekezaji wa eneo maalum asituambie kwamba msamaha wa kodi aliopewa ni msamaha wa Sheria ya Ajira. Viwanda vya EPZ, yale maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, na vya Dongo Kundu viko Kenya, na kifungu cha 37 kinafanya kazi ndani ya uzio wao kama nje.

Sasa nirudi kwenye ule ushahidi. Sheria inataka mkataba wa maandishi kwa kazi yoyote ya miezi mitatu au zaidi, na kuuandaa ni kazi ya mwajiri. Kesi ikifika kortini na mwajiri ameshindwa kuutoa, yeye ndiye anayebebeshwa mzigo wa kukanusha masharti unayodai. Hiyo ni silaha kubwa kwa maskini, lakini lazima kwanza uonyeshe ulikuwepo. Kwa hiyo usifute jumbe za M-Pesa. Zina tarehe, kiasi na jina la aliyetuma, na jina hilo mara nyingi ndilo linalomfichua mwajiri halisi nyuma ya kontrakta. Weka picha ya beji na ya riflekta yenye nembo. Usitoke kwenye lile kundi la WhatsApp ambamo supavaiza hupanga zamu, hata wakikufukuza hifadhi mazungumzo kabla hujatolewa. Andika kwenye daftari la mtoto la shilingi ishirini siku ulizoingia na saa ulizotoka. Jaji hahitaji karatasi yenye muhuri. Anahitaji kuona mtiririko.

Na mlioajiriwa tayari, mnaoingia kazini na kitambulisho cha kudumu, muwe na huruma kidogo. Mara nyingi anayemwambia kijana wa getini "wewe ni kibarua, huna haki hapa" ni mfanyakazi mwenzake aliyekuwa palepale getini miaka mitano iliyopita.

Kwa serikali nina ombi moja la karibu. Maafisa wa leba wa Mombasa ni wachache na eneo lao ni kubwa, hilo linafahamika. Lakini kabla Dongo Kundu haijafungua mageti yake yote, wekeni afisa pale, mwenye meza na daftari lake, kila mwajiri aandikishe kila anayeingia, awe wa mwezi au wa siku. Mamlaka ya ushuru tayari inapokea kila mwezi orodha ya wanaokatwa tozo ya nyumba. Wizara ya Leba iombe orodha hiyohiyo na iulize swali rahisi: mbona kampuni yenye mageti manne na zamu tatu ina wafanyakazi kumi na wawili?

Kwa msomaji ambaye yamekwisha mkuta: malalamiko katika ofisi ya leba hayalipiwi. Anayelipwa chini ya shilingi 80,000 kwa mwezi anaweza kusikilizwa na mahakama ya hakimu bila kupanda hadi kwa jaji. Na dai la kuachishwa kazi isivyo haki lina muda wa miaka mitatu tangu siku ulipoambiwa usirudi. Likivuka hapo limekufa, hata uwe na ushahidi wa kujaza feri.